Siku Mama Dozi Alipopasi Pau Mbili

"Pasi," alisema Mama Dozi, akazipanga karata zake vizuri, akaanza kumtazama nzi aliyekuwa akizunguka juu ya glasi ya maji.

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri, ghorofani juu ya duka la matairi, ambako watu wazima kumi na sita hukutana kila wiki kucheza briji kwenye meza nne zenye vitambaa vya kijani. Dirisha lilikuwa wazi, na huko chini fundi alikuwa anagonga ringi. Meza tatu nyingine ziliendelea na mambo yao. Pale mezani kwake watu watatu waliacha kupumua.

Ngoja nieleze, maana najua mtu ataniuliza: pasi moja ndiyo nini hasa? Sikiliza. Briji mnacheza wanne, wawili kwa wawili, mwenza wako kakaa mbele yako. Kabla karata hazijachezwa kuna mnada. Kila mtu kwa zamu anataja duru ngapi yeye na mwenzake wataweza kula, na karata gani iwe turufu. Kuambiana mlichoshika ni marufuku, kukonyezana marufuku, hata kukohoa kwa makusudi marufuku. Lugha yenu ni yale matamko ya mnada tu. Sasa mtu akishika mkono mnono kupindukia, yaani karata zake kumi na tatu zimejaa vichwa vikubwa, anafungua kwa kusema "pau mbili". Hizo pau mbili hazihusiani kabisa na pau. Ni kama kumgongea jirani mlango kwa ngumi zote mbili: nimeshika mali, amka, usiniache peke yangu hapa! Na mwenzake, hata kama kashika takataka tupu, lazima ajibu. Kama hana kitu anasema "uru mbili" na mazungumzo yanaendelea. Kumpasia mwenzako pau mbili ni kosa ambalo hata mtu wa wiki ya pili halifanyi.

Na Mama Dozi hakuwa wa wiki ya pili. Nusu ya waliokuwemo humo ndani alikuwa amewafundisha yeye.

Jina hilo alipewa na wateja. Alikuwa na miaka sitini na miwili, na kati ya hiyo, thelathini na mmoja aliitumia amesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa la kona, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, akiwaandikia watu vipimo kwenye chupa na bahasha. Hakuna aliyetoka pale bila kusomewa. "Dozi uimalize. Usije kuniambia ulipata nafuu siku ya tatu ukaacha, nitakufuata mpaka kwako." Watu wazima na ndevu zao walikuwa wanamwitikia kama watoto wa chekechea.

Mezani alikuwa vilevile. "Ree pointi nne, mfalme tatu, malkia mbili, ghulamu moja," alikuwa akiwaimbisha wageni. "Pakiti nzima ina pointi arobaini, na wewe haki yako ni kumi. Ukishika ishirini na mbili, ujue umewalia wenzako, basi jitangaze, fungua pau mbili. Lakini usihesabu kama mashine! Malkia aliyekaa peke yake, hana wa kumsindikiza, mpe sifuri, huyo ataliwa na mapema. Na ukiwa na shupaza saba zenye vichwa vyote, acha pointi, hesabu duru unazoziona kwa macho yako. Zikifika tisa bila msaada wa mtu, fungua pau mbili hata kama pointi ni kumi na tisa. Mkono mdogo hauna shida, utapasi unywe maji. Mkono mkubwa ndio unaotaka moyo."

Mwenza wake kwa miaka kumi na minane alikuwa mdogo wake wa kuzaliwa, fundi cherehani, mwanamke mwembamba anayeongea huku pini ziko mdomoni. Naye alikuwa hodari, ila tangu mwaka uanze alikuwa amekumbwa na uoga wa ajabu. Anashika pointi ishirini na nne, anafungua shupaza moja kama mtu anayeomba chumvi. Anashika mkono wa kutisha, anaruka moja kwa moja mpaka shupaza nne, anafunga mjadala. Pau mbili hazitoki kabisa. Mama Dozi alimsema kwa upole, akamsema kwa mzaha, mwishowe akamsema mbele za watu. "Mwoga mkubwa we! Nani kakutisha? Ukinifichia mkono mkubwa mara nyingine, haki ya nani natafuta mwenza mwingine."

Hayo yalisemwa Jumamosi ya nyuma. Ndiyo sababu leo mdogo wake alizitazama karata zake muda mrefu, akalamba midomo, akasema kwa sauti ndogo, "Pau mbili." Hakimu, mzee mstaafu aliyekaa kushoto kwake, akapasi. Mama Dozi akapasi. Daktari wa meno, mwanamke mnene mwenye sauti laini, naye akapasi taratibu kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Mnada ukafa hapohapo. Mchezo ukawa pau mbili, yaani kula duru nane, na pau ndiyo turufu.

Mama Dozi, ambaye sasa kazi yake ilikuwa kulaza karata zake wazi mezani na kutazama, akazilaza. Shupaza nne na ghulamu wao. Kopa mbili ndogo. Uru nne zenye mfalme. Pau tatu za ovyo. Kisha akaona karata za mdogo wake zinavyotoka: ree ya shupaza, mfalme wake, malkia wake, ree ya kopa, mfalme wa kopa... na pau mbili tu, saba na mbili, zinaliwa kama njugu.

"Wewe una wazimu?" alifoka. "Unafungua pau, huna hata pau ya..."

Hakumaliza. Sheria ilimrudia katikati ya sentensi, nzima nzima, kwa sauti yake mwenyewe. Mkono huo ungekula duru kumi na moja kwa turufu ya shupaza. Walikula sita.

"Ni mimi dada, nimekosea," mdogo wake alisema haraka, macho chini. "Tuendelee."

Hakimu, mtu ambaye kwa kosa dogo tu la mnada huwa anatoa hukumu ya dakika kumi, alikusanya karata kimya. Daktari wa meno alimsogezea Mama Dozi glasi ya maji. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyemtania. Mama Dozi alicheka peke yake, akasema miwani inataka kubadilishwa, na mikono yake ikiwa chini ya meza alikuwa anaivunja vidole kimoja kimoja.

Alirudi nyumbani na hofu, na ile hofu ikakaa naye kama mgeni asiyeaga. Kusahau kufunga dirisha, sawa. Kusahau jina la jirani, nani hasahau? Lakini pau mbili! Kitu hicho alikuwa nacho kama alivyo na mikono yake. Kama hicho kimemponyoka bila hata kelele, basi ni vingapi vimeshaponyoka ambavyo havijui? Akaiona kaunta, na zile chupa ndogo za watoto, na mwandiko wake juu yake.

Jumapili asubuhi alifuta meza ya jikoni, akatoa pakiti ya karata, akajigawia kumi na tatu. Akahesabu. Pointi kumi na mbili, kopa tano, fungua kopa moja. Sawa. Akachanganya, akagawa tena. Pointi sita, pasi. Sawa. Alijipima hivyo mara ishirini, anaandika kwa penseli nyuma ya kalenda, na kila alipopata alijipigia makofi moyoni. Ya ishirini na moja ikawa pointi ishirini na tatu. "Pau mbili," alisema kwa sauti, peke yake jikoni, "na mwenzangu lazima ajibu, lazima ajibu, lazima ajibu." Akafunika uso kwa kitambaa cha vyombo, akalia kidogo, akaosha uso, akaenda kuanika nguo.

Wiki hiyo duka la dawa lilijaa foleni mpaka mlangoni. Kila karatasi ya daktari aliisoma mara tatu. Vidonge alivihesabu, akavirudisha koponi, akavihesabu upya. "Mama Dozi, leo unavihesabu au unaviposa?" kinyozi wa jirani alimuuliza, na watu wakacheka, naye akawajibu kitu cha kuchekesha, hakikumbuki tena. Mfamasia mwenyewe, kijana aliyelirithi duka kwa baba yake na ambaye Mama Dozi alimjua tangu anatambaa chini ya kaunta hiyohiyo, alimpitia nyuma akasema, "Mama, umechoka, chukua mapumziko." Alimwangalia vibaya hadi kijana akaomba radhi. Mapumziko! Alijua fika akitoka nyuma ya kaunta ile atakuwa nani: mwanamke mjane mwenye chumba, sebule na kalenda.

Ijumaa kabla ya kwenda kazini alijigawia karata kama kawaida. Zilikuja nyingi za picha. Akahesabu: kumi na tisa. Akasita, akahesabu tena kwa kidole: ishirini na mbili. Hapana. Akaziweka mezani moja moja, ree hapa, wafalme hapa, akahesabu kwa sauti, akafika katikati akasahau ameanzia wapi. Ishirini. Alikaa akizitazama. Zilikuwa karata kumi na tatu tu, hazisogei, na hesabu yake ilikuwa inateleza juu yake kama sabuni sinkini. Akazikusanya kwa haraka, akazifungia kwenye kabati la unga, kana kwamba zingeweza kumsemea. Kisha akavaa koti jeupe akaenda kazini. Ndiyo, alikwenda. Mimi nami ningependa kuwaambia alibaki nyumbani.

Saa tano akaja mama mmoja kijana na mtoto wa miezi minane mgongoni, kichwa kimelala upande, midomo imekauka kwa homa. Mama Dozi alimjua, hata kifungua mimba wake alimhudumia yeye. Akachukua karatasi, akashusha chupa ya dawa ya maji ya homa, akaandika, akabandika, akanakili kwenye daftari la watoto, akasema maneno yake yale, "Dozi uimalize." Mama akashukuru, akaondoka na mwanawe.

Mlango ulipojifunga, Mama Dozi alitafuta kichwani alichoandika kwenye chupa. Hakukipata. Palikuwa peupe. Aliona kalamu, aliona mkono wake, maneno hayakuwepo. Daftari lilikuwa pale pale, hatua mbili, limefungwa. Kwa nini hakulifungua? Aliogopa, ndiyo sababu. Aliogopa kulifungua kuliko anavyoogopa kitu chochote. "Umeandika sawa," alijiambia. "Miaka thelathini na mmoja umeandika sawa, leo ndio uandike vibaya?" Akamwita anayefuata.

Usiku huo hakupata usingizi hata wa kuibia, na Jumamosi alipanda ngazi za duka la matairi akishika ukuta. Alikwenda kwa sababu kutokwenda kungekuwa ni kukiri. Mdogo wake alimtazama, akamvutia kiti. Hakimu alimsalimia kwa heshima iliyozidi kiasi. Wakagawa.

Mkono wa tatu, mdogo wake alizitazama karata zake kwa muda mrefu. Pini haikuwepo mdomoni siku hiyo, lakini midomo ilikuwa imebana kana kwamba ipo. "Shupaza moja," alisema.

Mama Dozi alikuwa na pointi moja, ghulamu wa uru na takataka nyingine. Ukifunguliwa kwa moja huku umeshika pointi moja, unapasi. Akapasi, na safari hii alikuwa sahihi kabisa. Mchezo ukaanza, na karata za mdogo wake zikaanza kuteremka mezani: ree, mfalme, ree, mfalme, malkia, ree. Mama Dozi alihesabu kila moja inapoanguka. Wakala duru kumi. Pointi zilikuwa ishirini na tatu.

"Ishirini na tatu!" Aliinuka, kiti kikaanguka nyuma, meza zote zikageuka. "Ishirini na tatu na unafungua moja! Ungefungua pau mbili tungefika shupaza nne, duru hizihizi kumi, tumelala! Nimekufundisha nini mimi? Eh? Nimekufundisha nini? Unaniaibisha mbele za watu kwa uoga wako!"

"Dada, twende nje."

"Siendi popote! Sema hapahapa!"

"Dada, nakuomba."

Ilikuwa sauti ya utotoni, ile ya kuomba taa isizimwe. Mama Dozi akamfuata mpaka kwenye ngazi, penye harufu ya mpira mpya. Mdogo wake alishika nguzo ya ngazi kwa mikono miwili.

"Wiki iliyopita ulipopasi pau mbili zangu."

"Nilipitiwa. Mara moja tu nimepitiwa, basi..."

"Haikuwa mara moja, dada. Ilikuwa mara ya nne."

Chini, fundi aliacha kugonga. Mama Dozi alisubiri amsikie mdogo wake akicheka, aseme anatania.

"Ya kwanza ilikuwa baada ya mwaka mpya," mdogo wake aliendelea, machozi yanamtiririka hayapanguswi. "Ulipasi, ukasema umechoka, nikasema sawa. Ya pili tuliporudi nyumbani ukaniuliza tumecheza na nani. Ya tatu hukujua hata kama umekosea, ulinigombeza mimi. Basi nikaacha kuzisema. Nikasema nikishika mkono mkubwa nitafungua kitu ambacho hata ukipasi hatutaumbuka sana. Nilimwomba Hakimu, nikamwomba Daktari, wakakubali wasikuseme. Wiki ile uliposema utatafuta mwenza mwingine, nikajaribu. Nikasema labda. Nimekaa pale namwomba Mungu ujibu, dada. Uru mbili tu."

Mara nne! Katika hizo nne yeye alikuwa na moja tu. Mama Dozi alizitafuta zile nyingine kama alivyotafuta maneno ya chupa, na palikuwa peupe vilevile. Kumbe ndiyo sababu Hakimu na Daktari hawakumtania. Mwaka mzima amemwita mtu mwoga, na mtu huyo kakaa kimya kila Jumamosi, anameza matusi yake na karata zake. Akakaa kwenye ngazi. Halafu akasimama ghafla mpaka mdogo wake akarudi nyuma.

"Jana," alisema. "Jana kuna mtoto."

Waliteremka mbio. Wanawake wawili watu wazima, mmoja na mkoba, mwingine kavaa ndala moja, ya pili imebaki ngazini, wanakatiza katikati ya watu na kumradhi mdomoni. Duka la dawa lilikuwa mitaa mitatu mbele. Mama Dozi alikuwa anahesabu njiani, jana saa tano, kisha mchana, kisha jioni, kisha asubuhi, kisha mchana huu, mara tano, mtoto kashapewa mara tano. Kifua kilimwuma, hakusimama.

Mfamasia alikuwa anapanga sabuni. "Mama! Leo si siku yako ya karata?"

"Fungua daftari la watoto. Jana, saa tano. Soma."

"Kuna nini, Mama?"

"Nasahau. Soma!"

Kijana akatabasamu lile tabasamu la kuwafariji wazee. "Sasa nani hasahau, Mama, ni umri tu huo..."

"Usinipasie!" Alipiga kaunta kwa kiganja, vikopo vikaruka. Kijana hakuelewa neno lenyewe, lakini uso aliuelewa, maana tabasamu lilimtoka. Akafungua daftari. Daftari hilo lilikuwa sheria ya Mama Dozi mwenyewe tangu zamani za baba wa kijana: kila chupa ya mtoto inaponakiliwa, andika na namba ya simu ya mama. Kila mtu aliiona ni usumbufu. Kidole cha Mfamasia kilishuka kwenye mistari, kikasimama.

"Vijiko vitatu," alisoma, "mara tatu."

"Mtoto wa miezi minane," alisema Mama Dozi.

Kilitakiwa kijiko kimoja. Yeye na Mfamasia walijua kuwa dawa ile ikizidi hivyo inaua ini polepole, na mtoto anaonekana kalala tu. Mfamasia akapiga simu, akaiweka kwenye spika juu ya kaunta. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Inaita. Mdogo wake alikuwa amemshika mkono, na Mama Dozi alikuwa anaitazama simu ile, anasema bila sauti jibu, jibu, jibu. Ikakata. Mara ya tatu ilipoita mara sita, ikapokelewa, na kabla ya neno lolote wakasikia mtoto analia. Analia kwa nguvu zake zote, kilio cha hasira, cha mtoto aliyenyang'anywa kitu. Miaka yote thelathini na mmoja pale dukani hakuwahi kusikia sauti tamu kama hiyo.

"Haloo? Subiri, anataka simu huyu, amepona jana hiyohiyo sasa ananisumbua. Nani?"

"Mimi. Wa duka la dawa." "Umempa vijiko vingapi?"

"Aa, Mama Dozi! Nilitaka nije Jumatatu nikuulize. Pale kwenye chupa pameandikwa vitatu. Nikasema hapana, haiwezekani. Wewe mwenyewe kwa huyu wangu wa kwanza uliniimbisha mpaka nikachoka: mtoto asiyetembea, kijiko kimoja, mtu akikuandikia vingine usimpe, rudi uulize. Nimempa kimoja kimoja. Nimekosea?"

"Hapana," alisema Mama Dozi. "Hujakosea, mwanangu. Hujakosea hata kidogo." Akaegemea kaunta, kichwa juu ya daftari. Mfamasia akachukua simu, akamweleza yule mama arudishe chupa ile leo hii, apewe nyingine, na amlete mtoto wamtazame.

Mama Dozi alifungua mkoba, akatoa funguo za kabati la dawa kali, zilizofungwa na utepe ambao mdogo wake alimshonea zamani. Akaziweka mkononi mwa kijana. Safari hii hakuambiwa ni umri. Kijana alizipokea kwa mikono miwili, akauliza kama amwite daktari wa hospitali Jumatatu asubuhi. Mama Dozi akasema ndiyo. Alitaka kuzunguka kaunta achukue koti lake jeupe msumarini, akafika kwenye kijilango, akasimama, akamwomba kijana amletee yeye.

Nje jua lilikuwa bado kali. Walisimama ukingoni mwa barabara, koti limekunjwa mkononi, mdogo wake mguu mmoja mtupu kwenye lami ya moto, anaukunja kama kuku.

"Rudi kachukue ndala yako."

"Nitachukua Jumamosi ijayo."

Magari yalipita. Mama Dozi alimtazama, huyu aliyemwita mwoga tangu mwaka uanze, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Jumamosi ukishika mkono mkubwa," alisema, "fungua ulichoshika. Usinifichie tena."

"Na ukipasi?"

"Niamshe."

"Dada, hairuhusiwi kumwamsha mwenzako mezani. Wewe ndiye uliyenifundisha. Hakimu atatufukuza."

"Wewe niamshe tu, mdogo wangu. Atufukuze." Alijaribu kucheka, haikuja. "Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi."

"Na mimi naogopa," mdogo wake alisema, akamshika mkono kama walivyokuwa wakishikana wakienda shule, akaangalia kulia na kushoto, wakavuka.